Usipunguze bomba la jiko la kuni

Baridi ya Julai ikishaingia Nairobi, simu huanza kuita. Kuna jiko la zamani la chuma, limetolewa kwenye nyumba ya shamba Limuru, na sasa mwenyewe anataka kuliwasha Karen au Ngong. Jambo zuri. Naenda kuliona, nakuta shingo ya jiko ni inchi 6 na fundi ameshaandaa redyusa ya kushuka hadi inchi 4. Sababu haibadiliki mwaka hadi mwaka: "Bosi, bomba jembamba ndilo linavuta." Halivuti. Na imani hii inajaza watu moshi ndani ya nyumba.

Inatoka kwenye mpira wa kumwagilia maua: ukiubana mdomo, maji yanaruka mbali. Yanaruka kwa sababu nyuma yake kuna msukumo wa kutosha. Tangi lililoinuliwa mita 10 linakupa karibu paskali 100,000 (paskali ni kipimo cha msukumo). Jiko la kuni halina tangi. Lina hewa ya moto ndani ya bomba, ambayo ni nyepesi, na hewa baridi ya nje, ambayo ni nzito. Ile nzito inaingilia chini na kuisukuma nyepesi juu. Bomba la mita 4, moshi ukiwa nyuzi 200, hapa Nairobi linapata kama paskali 15 tu. Ukiziwekea kizuizi hizo 15, moshi unatafuta njia nyingine: ufa wa mlango, pengo la vifuniko vya juu, popote. Na moshi huo una kaboni monoksidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani.

Tena inchi 4 si kupunguza kidogo. Bomba la inchi 6 lina nafasi ya takriban inchi mraba 28; la inchi 4 lina 12 na nusu. Zaidi ya nusu ya njia imekwenda.

Mwinuko wetu nao unazidisha tatizo. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Kwa joto lilelile la nje, bomba hilohilo kwenye usawa wa bahari lingepata paskali 18 au 19. Kwa hiyo jiko likivuta vibaya, ongeza urefu, na punguza kona: mbili za nyuzi 45 ni afadhali kuliko moja ya 90.

Kupanua ovyo pia ni kosa. Wengi wanaelekeza bomba la inchi 6 kwenye dohani pana ya mawe iliyojengewa meko ya zamani. Moshi unapoa humo, unapoteza nguvu, na lami, yaani utomvu mweusi wa moshi wa kuni, inaganda ukutani hadi siku itakapowaka. Pitisha bomba la inchi 6 ndani ya dohani hadi juu.

Vitabu vinataka bomba litokeze futi 3 juu ya paa, na futi 2 juu ya chochote kilicho umbali wa futi 10. Nafuata kanuni hiyo, lakini siiamini kikamilifu. Kwenye viwanja vilivyozungukwa na mikaratusi mirefu nimeona bomba lililoitimiza likirudisha moshi upepo ukigeuka. Hapo unapandisha tena, unajaribu, unabadilisha kofia ya bomba.

Bomba la mabati ya zinki? Hapana, ingawa sababu inayotajwa sana, kwamba zinki itakutia sumu, imetiwa chumvi. Zinki huchemka nyuzi 907, na bomba halifiki huko isipokuwa lami iliyo ndani ishike moto. Tatizo la kila siku ni kwamba utando wake unabambuka na bati jembamba la paa linatoboka haraka. Chumbani natumia bomba la chuma cheusi la milimita 2, sentimita 45 mbali na mbao yoyote; kuanzia darini hadi nje, bomba la kuta mbili lisiloshika kutu, lenye sufu ya kuzuia joto katikati.

Kwenye viungo, kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini. Mafundi hugeuza wakihofia moshi utavuja, kumbe kinachotiririka nje ni lami.

Kabla ya yote hayo, kagua jiko lenyewe. Kamba za zamani za kuzibia mlango zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, usizikwangue zikiwa kavu. Kisha zima taa usiku, ingiza tochi ndani, funga milango. Kila mstari wa mwanga unaouona ni ufa: wa kwenye maungio unazibwa kwa saruji inayostahimili moto, wa katikati ya bamba unaomba bamba jipya.

Siku ya kwanza, choma gazeti moja karibu na mdomo wa bomba ili hewa ya humo ipate joto, halafu vijiti, halafu kuni zilizokauka kabisa, chache. Chuma cha zamani kikipashwa kwa haraka kinapasuka.