Mtetemo wa mabomba ya kuchorongea ni nini, na unadhibitiwaje?

Chongoleani hapa Tanga ni mwisho wa safari ya mafuta. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), lenye urefu wa kilomita 1,443, linaanzia Kabaale, Hoima, na visima vyenyewe viko huko Uganda, kandokando ya Ziwa Albert. Ndiyo maana mtu wa Tanga anajua mengi ya bomba na machache ya kisima. Jambo moja la kisimani linalostahili kueleweka ni mtetemo, kwa kuwa unaharibu vifaa vya bei kali mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Kisima huchorongwa kwa keekee, yaani kichwa chenye meno ya kukata mwamba, kilichofungwa chini ya mabomba ya chuma. Kila bomba lina urefu wa mita 9 hivi, nayo huungwa moja baada ya jingine hadi kufikia kilomita 2, 3 au zaidi. Chini kabisa huwekwa mabomba mazito yenye kuta nene ili keekee ipate uzito wa kukandamizia mwamba. Juu kuna mota inayozungusha yote. Tope maalumu husukumwa ndani ya mabomba, likatokea kwenye keekee na kupanda na vipande vya mwamba. Bomba lenye kipenyo cha inchi 5 likishafika urefu wa kilomita 3 halina ugumu unaoudhania: linapinda, linasokoteka, linarukaruka.

Mtetemo wenye sifa mbaya kuliko yote ni wa msokoto. Shika kamba ya mkonge, kanyaga ncha moja, sokota nyingine. Ukiinua mguu, ile ya chini inazunguka kwa kasi kuliko mkono wako ulivyozunguka. Kisimani mwamba, pamoja na msuguano wa kuta za shimo, ndio huo mguu. Keekee inakwama, mota inaendelea kuzungusha, mabomba yanajisokota mizunguko kadhaa, kisha keekee inachomoka na kufyatuka kwa kasi inayoweza kuwa mara mbili ya ile ya juu au zaidi. Halafu inakwama tena. Mzunguko huo hujirudia kila baada ya sekunde chache, na meno ya keekee ndiyo yanayolipa.

Dawa ya kwanza ni kupunguza uzito na kuongeza kasi ya kuzungusha. Nyingine iko kwenye mota yenyewe. Mota inayong'ang'ania kasi moja huyarudisha mawimbi ya msokoto chini kama yalivyokuja. Tangu miaka ya 1980 wahandisi wamebuni mifumo inayoiruhusu ilegee kidogo wimbi linapofika, ili ilimeze. Wimbi hilo hupita kwenye chuma kwa takriban kilomita 3.2 kwa sekunde, hivyo katika kisima kirefu habari ya keekee kukwama huchukua karibu sekunde nzima kufika juu. Mkono wa mtu hauwezi kushindana na hilo.

Aina ya pili ni ya ubavuni: keekee au mabomba mazito yanaacha kuzunguka katikati ya shimo na kuanza kuviringika ukutani, yakijigonga. Hapa ndipo penye mtego. Mtetemo huu hupenda kasi kubwa na uzito mdogo, yaani ile dawa ya msokoto ikizidi inaweza kuuzaa. Ukishaanza, aghalabu hauishi kwa kupunguza kasi kidogo. Mchorongaji husimamisha mzunguko, huinua keekee, kisha huanza upya taratibu, akiongeza uzito. Vidhibiti vinavyofungwa kati ya mabomba ili yakae katikati ya shimo husaidia pia.

Wa tatu ni wa kuruka juu na chini, hasa kwa keekee ya koni tatu (yenye koni tatu za meno zinazoviringika) kwenye mwamba mgumu. Kubadili kasi au kufunga kifaa cha kumeza mishtuko mara nyingi hutosha.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kutambua aina kabla ya kugusa chochote. Msokoto huonekana juu: kipimo cha nguvu ya kuzungusha hupanda na kushuka kwa mpigo. Ule wa ubavuni unaweza kupiga chini kwa fujo huku juu pakiwa shwari, na hapo tegemeo ni vihisi vilivyofungwa karibu na keekee. Navyo hutuma habari kwa mapigo ya shinikizo ndani ya tope, njia ya polepole inayopitisha muhtasari tu. Rekodi kamili husomwa mabomba yakishatolewa.