Kuvuta picha kichwani sio kuota mchana jamani

Mimi nafundisha madogo mpira jioni huku Kirumba, Mwanza, na kuna maneno nayasikia kila wiki, mengine toka kwa wazazi kabisa, leo acha niyajibu.

"Kufumba macho ujione unapiga penati ni kupoteza muda, mpira unachezwa na miguu." Hii ndo inaniuma zaidi. Ukiwaza kitendo vizuri, sehemu nyingi za ubongo zinazopanga mwili uende vipi zinaamka karibu kama vile unafanya kweli. Mwaka 1994 watafiti Driskell, Copper na Moran walikusanya tafiti kibao wakazipima kwa pamoja, wakakuta mazoezi ya kichwani yanasaidia, ILA hayafikii mazoezi ya mwili. Kwa hiyo na wale wanaosema ukiwaza tu inatosha nao wamepotea, lazima mpira uuguse.

Wengine wanadhani ni kujiona umefunga halafu watu wanashangilia, basi. Hapana, vaa viatu vyako, simama kwenye alama ya penati, sikia mguu wa kuegemea unakanyaga wapi, na uende kwa spidi ile ile ya kweli usikimbize. Na uwaze kiwanja chenyewe, maana mpira wa uwanja wa Nyamagana kwenye nyasi bandia haudundi kama huu wa kwetu wenye vumbi na vijiwe, ukiwaza kiwanja cha kwenye tv umejiandaa kwa mechi ambayo huchezi.

Halafu kuna hili la "usiwaze kabisa mambo mabaya". Kweli, kujiona unakosa kunaharibu, tena sana. Ila kuwaza tatizo linatokea na wewe unalitatua ni kitu kingine. Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani, kocha wake alimzoesha toka mdogo kuipitisha mbio yote kichwani, hata pale mambo yanapoharibika. Olimpiki ya Beijing 2008, kuogelea mita 200 butterfly, miwani ikajaa maji akawa haoni ukuta, akahesabu mikono tu mpaka mwisho, dhahabu na rekodi ya dunia 1:52.03.

Sasa kuangalia. Madogo wanashinda banda umiza wikiendi nzima wanasema wanajifunza, kumbe macho yanafuata mpira tu. Mwanasaikolojia Bandura alishaeleza miaka ya 70 kwamba kujifunza kwa kuona kunataka umakini, ukumbuke ulichoona, uweze kukirudia na uwe na hamu nacho, ukikosa kimoja umeangalia sinema. Mi nawaambia chagua kiungo mmoja, hesabu anageuza shingo mara ngapi kabla pasi haijamfikia, dakika kumi tu, kesho tunajaribu.

Na sio lazima uangalie mastaa. Kumwona mwenzako anakosea, kocha anamrekebisha, anarudia, kunafundisha sana sababu unaona kosa na dawa yake palepale. Kuna dogo alitegua kifundo akakaa chini ya mwembe wiki mbili, nikampa kazi ya kuniambia kila anayepiga frikiki kaegemea wapi, aliporudi sisemi alikuwa fundi ila mwili wake ulikuwa haulali nyuma tena kama zamani.

Kuna wengine ukiwaambia wavute picha hawaoni kitu kabisa, wameumbwa hivyo, sio wabishi. Hao nawaambia wasikilizie mguu tu, au wajisemee kimoyomoyo, "egemea, tazama, piga".