Dhana potofu kuhusu kuboresha makundi ya waandishi mtandaoni

Makundi ya waandishi wa Kiswahili yamejaa WhatsApp, Telegram na Facebook, na mengi hufuata njia ileile. Wiki za mwanzo ni shamrashamra. Baadaye wanabaki watu wachache wanaorushiana hadithi bila anayesoma, na mwisho kabisa hubaki salamu za asubuhi na matangazo ya biashara. Katikati ya safari hiyo hutokea siku mtu akaandika, "Jamani, tuboreshe kundi letu." Naithamini sana siku hiyo, kwa sababu ndiyo siku ambayo kundi huweza kuokolewa. Kinachonisikitisha ni kwamba mapendekezo yanayofuata huwa yamejengwa juu ya dhana zilezile, na dhana zenyewe si za kweli.

"Tukiongeza watu, kundi litachangamka"

Hili huja kwanza karibu kila mahali: kila mmoja alete watu watano. WhatsApp yenyewe imerahisisha mambo. Mwanzoni mwa 2022 mwisho wa kundi ulikuwa watu 256, leo ni 1,024. Telegram inafika 200,000. Sasa ingia kwenye kundi lolote kubwa la simulizi uangalie yanayoendelea. Mtu anaweka "Sehemu ya 7". Dakika mbili hazijapita, mwingine anaweka "Sehemu ya 12" ya hadithi yake. Chini yake kuna mioyo, miali ya moto na "Lete mwendelezo". Hakuna aliyemwambia yule wa kwanza kwamba Zuhura, aliyezikwa kwenye sehemu ya 4, ameonekana kwenye sehemu ya 7 akiwapikia wageni chai.

Wanaopungua ni wasomaji. Waandishi wapo tele. Ukileta watu mia, kila mmoja na hadithi yake mkononi, umeleta hadithi mia zaidi zinazotafuta msomaji, na zilizokuwepo zimezidi kuzama.

Enzi za riwaya za mfululizo magazetini, kati ya mwandishi na msomaji alikuwepo mhariri. Huenda alikuwa mkali, huenda alikuwa mvivu, lakini alikuwepo. Leo mwandishi anabonyeza mwenyewe na hadithi inakwenda. Ile kazi ya mhariri ingalipo. Imehamia kwa wanakundi, ila hakuna aliyegawiwa, na kila mmoja anadhani ni ya mwenzake.

Wenzetu wa nchi nyingine waliliona hili mapema wakaweka utaratibu wa kulinda usomaji. Critters ni kundi la waandishi wa hadithi za kisayansi, za njozi na za kutisha lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Mwanachama wake anatakiwa ahakiki takriban kazi moja ya mwenzake kwa wiki, na asishuke chini ya asilimia 75 ya wiki alizokaa kundini. Critique Circle, iliyoanzia Iceland mwaka 2003, hutumia pointi: unazichuma kwa kuhakiki, unazilipa unapotaka kuweka kazi yako. Scribophile nayo hufuata njia hiyohiyo. Usiposoma, husomwi.

Kundi la WhatsApp haliwezi kuhesabu pointi, na halihitaji. Sheria moja inatosha kuanzia: kabla hujaweka sehemu mpya, taja hadithi ya mwenzako uliyoisoma wiki hii, kisha onyesha mahali pamoja ulipokwama au ulipochoka. Mahali pamoja tu. Mtu asiyewahi kuhakiki maishani anaweza kuandika, "Nimesoma hadithi ya Fatuma, pale baba anapotoka Tanga sikuelewa kama ni usiku au mchana." Kwa Fatuma, sentensi hiyo ina thamani kuliko mioyo arobaini.

Wala ukubwa haulindi kundi lisife. NaNoWriMo, changamoto ya kuandika riwaya ya maneno 50,000 ndani ya Novemba, ilianza mwaka 1999 huko San Francisco na washiriki 21, ikaja kukusanya mamia ya maelfu ya watu duniani. Machi 2025 shirika lake likatangaza kwamba linafunga. Fedha zilikuwa hazitoshi, na kabla ya hapo washiriki wengi walikwishapoteza imani kwa sababu ya malalamiko juu ya usimamizi wa majukwaa yake na baadaye msimamo wake kuhusu akili mnemba. Malalamiko yalikuwepo muda mrefu kabla ya tangazo la kufunga. Ndiyo maana nasema pendekezo la mwanakundi mmoja anayeona ufa lisikilizwe mapema, hata kundi likiwa limejaa watu.

"Pendekezo ni kusema tunataka nini"

"Tuhamie Telegram." "Tufungue tovuti." "Tutengenezewe programu yetu." Haya yote ni majibu, na swali halijasemwa na mtu.

Anayesema tuhamie Telegram huwa ana kero ya kweli: sehemu ya 3 imezama chini ya jumbe mia nne na hakuna anayeipata. Angeileza kero yenyewe, kundi lingeona dawa zaidi ya moja. Kweli, Telegram tangu 2022 inaruhusu mada mbalimbali ndani ya kundi moja, na admini anaweza kumruhusu mgeni aone mazungumzo ya nyuma. Lakini pia mtu mmoja anaweza kukusanya sehemu zote za hadithi na kutuma PDF moja kila Jumapili. Au kila mwandishi aanze ujumbe wake kwa jina la hadithi na namba ya sehemu, yakiandikwa vilevile kila mara, ili anayetafuta apate. Hili la mwisho halina gharama na linaweza kuanza jioni ya leo. Kuhama kuna gharama: wapo wenye bando la WhatsApp peke yake, na hao ndio mtawaacha nyuma.

Pendekezo ninalolipenda kuliko yote katika historia ya waandishi wa mtandaoni ni la mwaka 2007. Waandishi wa hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo mashabiki hutunga kuhusu wahusika wa vitabu na filamu wanazozipenda, wengi wao wanawake, walikuwa wameona kampuni iitwayo FanLib ikija kutafuta faida kwa kazi walizokuwa wakiandika bure kwa mapenzi. Kulalamika kungetosha kupoza hasira. Wao wakaandika wanachokosa: hifadhi inayoendeshwa na wasomaji na waandishi wenyewe, isiyo na matangazo, inayotegemea michango. Watu wakaanza kujitokeza kusema wanaweza kufanya nini. Mwaka huohuo likaundwa shirika lisilo la kibiashara, Organization for Transformative Works, Naomi Novik, mwandishi wa riwaya, akiwa miongoni mwa waanzilishi. Novemba 2009 hifadhi yao, Archive of Our Own, ikafunguliwa kwa majaribio. Mwaka 2019 ikapata Hugo, tuzo maarufu ya hadithi za kisayansi na za njozi.

Hifadhi hiyo ina jambo moja ambalo makundi yetu yangeliiga kesho. Mwandishi anaruhusiwa kuandika lebo yoyote juu ya hadithi yake, kwa maneno yake. Nyuma ya pazia kuna watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kuziunganisha lebo zenye maana moja, ili anayetafuta kwa neno moja apate na zilizoandikwa kwa neno jingine. Hawakuwalazimisha waandishi wote wafuate orodha moja. Waligawa kazi.

"Admini ndiye wa kurekebisha"

Admini wa kundi la waandishi halipwi. Anatumia simu yake, bando lake na usiku wake, na naye ana hadithi yake ambayo haijaisha. Kila pendekezo ni kazi ya mtu. Ukiandika "tuwe na orodha ya hadithi zote" umemwongezea mwenzio mzigo. Ukiandika "nitatuma orodha ya hadithi zote kila Jumamosi usiku, nianze na wiki nne", kundi lina jambo la kujadili.

Hata wenye uwezo hawafanyi kila wanachoombwa. Shirika la Wikimedia, linaloendesha Wikipedia, lilianzisha mwaka 2015 utaratibu wa kukusanya matakwa ya wachangiaji: mtu anaeleza tatizo, wenzake wanaliboresha, kisha wanapiga kura. Lina wahandisi walioajiriwa, na bado ahadi ya mwanzo ilikuwa kuyashughulikia kumi yaliyoongoza. Kundi lenye maadmini wawili likichukua badiliko moja kwa mwezi linajitahidi.

"Tupige kura, wengi wape"

Kura za WhatsApp, zilizokuja mwishoni mwa 2022, zinaonyesha nani kachagua nini. Binti aliyejiunga juzi akiona mwalimu wake wa sekondari kachagua "Hapana", yeye atachagua nini? Heshima yetu kwa wakubwa ni jambo jema, lakini inazifanya kura za wazi zieleze msimamo wa watu watatu wanaoogopwa. Kura za siri zipo Telegram. Kwenye WhatsApp, mteueni mtu mmoja anayeaminika apokee maoni faraghani na ayatangaze bila majina. Na badala ya kubishana wiki nzima kama jambo litafaa, lijaribuni mwezi mmoja, kisha waulizwe waliolitumia.

"Hapa tunatiana moyo tu, kukosoa marufuku"

Naelewa sheria hii inatoka wapi. Wapo waliodhihakiwa mbele ya watu mia mbili wakaacha kuandika kabisa, na hilo ni hasara kwa lugha yetu. Ila kuzuia uhakiki wote kunawaacha wanaotaka kukua bila msaada. Mwandishi mwenyewe aseme mwanzoni anachohitaji: "rasimu ya kwanza, niambieni tu kama inavutia", au "nataka macho makali kwenye mazungumzo ya wahusika". Mhakiki asivuke alichoombwa. Atakayevuka aonywe faraghani, asiaibishwe kundini kama alivyoaibisha.

"Tulifunge kundi, hadithi zinaibwa"

Wizi upo, na unauma. Unaamka unakuta simulizi yako kwenye ukurasa wa mtu mwingine, jina lako limefutwa. Lakini dhana kwamba hadithi ikishawekwa mtandaoni ni ya kila mtu si kweli, na ile kwamba huna haki mpaka uisajili si kweli pia. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao unalinda kazi tangu inapoandikwa bila kudai usajili. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina ya mwaka 2001. Usajili kwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, ile ya Kenya, unasaidia kuthibitisha. Haki yenyewe ilikuwa yako tangu mwanzo. Ila ujue kinacholindwa ni namna ulivyoiandika hadithi. Wazo la mke anayegundua siri ya mumewe halina mwenyewe.

Kulifunga kundi kunamzuia msomaji mgeni. Mwizi aliyemo ndani anaendelea kukopi. Kinachosaidia ni jina la mwandishi na mwaka mwanzoni na mwishoni mwa kila sehemu, rasimu zilizohifadhiwa na tarehe zake, na mtu mmoja kundini aliyejitolea kujifunza kuripoti. Facebook ina fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Inamtaka mwenye kazi aonyeshe kazi yake ya asili na kiungo cha ile iliyoibwa, kwa hiyo kiungo kinakiliwe na picha ya skrini ipigwe kabla ya kwenda kugombana na mwizi kwenye maoni, maana akishtuka atafuta.