Meya wanabadilika, taka za nyuklia zinabaki: miji ya Marekani inavyofundishana

Ardhi ya serikali kuu Marekani hailipi kodi ya ardhi kwa kaunti wala manispaa, hilo ndo jambo la kwanza ambalo diwani anayeishi jirani na kituo cha nyuklia cha Wizara ya Nishati anatakiwa alijue. Na barabara wanazopita wafanyakazi wa kituo, shule za watoto wao, zimamoto, vyote viko mgongoni mwa mji. Sheria ya nishati ya atomiki ya 1954 inairuhusu serikali kuu kulipa kitu cha kufidia hiyo kodi, ila inaruhusu tu, hailazimishi, kwahiyo ukienda kuomba bila hesabu zilizonyooka unaweza kuambulia kidogo sana. Sasa kuomba vizuri unafundishwa na nani? Na mji mwenzako ulioshaomba.

Ndo maana hizi serikali za mitaa zina umoja wao tangu 1992, unaitwa Energy Communities Alliance.

Chukua mitambo mitatu ya kurutubisha urani (kuiongezea nguvu ili itumike kwenye nishati au silaha za nyuklia) iliyotumia teknolojia moja. Wa Oak Ridge, Tennessee ulizimwa 1985, wa Piketon, Ohio 2001, wa Paducah, Kentucky 2013. Oak Ridge walimaliza kubomoa 2020 na leo pale pamegeuka eneo la viwanda, yaani kiongozi wa Paducah ana mtu wa kumuuliza mlipewa ardhi lini, kwa masharti gani, ajira zilipokatika vijana mliwapeleka wapi, na hayo majibu huyapati kwenye ripoti ya wizara, unayapata mkikaa mkaongea mtu na mtu.

Swali gumu kuliko yote ni kifusi na taka zenye mionzi vizikwe wapi. Fernald, Ohio, palipokuwa na kiwanda cha kusindika urani, walikaa wananchi wenyewe miaka ya 90 wakabishana sana, mwisho wakakubali taka zenye mionzi midogo zizikwe palepale na zile kali ziondolewe. Na katika zile kali kulikuwa na mabaki ya mawe ya urani ya Shinkolobwe, Katanga, kwahiyo ndugu zetu wa Congo hii habari inawagusa kabisa. Usafi mkubwa ulikamilika 2006. Mimi siamini kila mji ufanye kama Fernald, ila kila mji ukawasikilize kabla haujasaini chochote.

Halafu naomba sana, mnapoutembelea mji mwenzenu kujifunza msimtume meya peke yake. Mchukueni mhasibu, mchukueni afisa mipango. Hanford, jimbo la Washington, palipotengenezwa plutoni ya mabomu ya nyuklia, kuna matangi 177 ya taka chini ya ardhi, mkataba wa kusafisha ulisainiwa 1989 na kazi bado ni ya miongo mingi, meya wangapi watakuja na kuondoka hapo katikati, anayebaki na mafaili ni yule afisa.