Komeo la barafu kwenye mlango-bahari wa Nares

Kila Januari nafungua picha za rada kutoka kwenye setilaiti na kwenda moja kwa moja Smith Sound, sehemu ya kusini ya mlango-bahari wa Nares, pale Greenland na kisiwa cha Ellesmere cha Kanada vinapokaribiana. Huko jua halijachomoza tangu vuli, lakini rada huona gizani. Natafuta mstari uliopinda, toka pwani hadi pwani: kaskazini yake barafu imetulia tuli, kusini yake maji meusi.

Hilo ni tao la barafu. Upepo na mkondo husukuma barafu ya bahari ya Lincoln, iliyo kaskazini mwa mlango, kuelekea ghuba ya Baffin kusini yake, safari ya zaidi ya kilomita 500. Mapande mazito, yaliyoishi miaka kadhaa, hufika penye wembamba yakabanana, baridi ikayagandisha pamoja. Yanayofuata nyuma huyakaza badala ya kuyabomoa, kama mawe ya tao la mlango wa nyumba ya kale. Mlango unakuwa umetiwa komeo. Kusini ya komeo upepo hufagia barafu changa kila inapoganda, ndipo hupatikana Pikialasorsuaq, maji wazi ambayo Wainuit wameyategemea kwa uwindaji vizazi na vizazi.

Maji wazi yamewahi kupotosha watu. Mwaka 1854 Elisha Kent Kane, mpelelezi Mmarekani, alimtuma kaskazini mtu wake William Morton pamoja na Hans Hendrik, kijana mwindaji wa Greenland. Walipoona Kennedy Channel, sehemu ya mlango huohuo kaskazini zaidi, haina barafu, Kane akaamini bahari iko wazi hadi ncha ya dunia. Nahodha Mwingereza George Nares alipita hadi mwisho mwaka 1875 akakuta barafu nene, na kiseyeye kikamrudisha.

Mlango una jina la Nares, ila mimi namheshimu Hendrik zaidi. Oktoba 1872 watu 19 wa Polaris, meli ya wapelelezi wa Kimarekani, walipoachwa juu ya pande la barafu, wakiwemo Hendrik na mwanawe wa miezi miwili, yeye na Ebierbing, mwindaji Mwinuit, ndio waliowinda sili wakawalisha wote, wakielea kusini hadi walipookolewa Aprili 1873.

Mwaka 2007 tao halikujifunga. Barafu kongwe, inayochukua miaka kunenepa, ikamwagika kusini ikayeyuka. Na tao lenyewe hujengwa kwa mapande hayohayo mazito. Yakipungua, kinachobaki kubanana ni barafu nyembamba, na hiyo upepo huivunja kirahisi. Ndiyo maana mstari ule usipotokea hadi Machi, moyo wangu hautulii.