Tingatinga si mtindo wa mababu
Wengi huamini kwamba picha za Tingatinga ni sanaa ya kale iliyorithiwa tangu enzi za mababu. Sivyo. Zilianza mwaka 1968 Dar es Salaam, kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Hakusomea sanaa. Alitumia rangi za mafuta zenye kung'aa, zile za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mbao za kiwandani, akachora wanyama na ndege.

Aliwafundisha vijana wachache, wengi wao ndugu zake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu ya kuchora! Ni ndugu hao walioendeleza kazi, na kwangu wanastahili kukumbukwa pamoja naye.