Jicho ndilo linauma, mbona wananitoa damu?

Swali: Nilikwenda kliniki na jicho jekundu, linauma, mwanga siuvumilii. Daktari akasema ni uveitisi, kisha akaniandikia vipimo vya damu. Damu na jicho wapi na wapi?

Uveitisi ni mchochota wa tabaka la kati la jicho, lile lenye mishipa mingi ya damu. Siyo yale macho mekundu ya kuambukizana yaliyozagaa mwanzoni mwa 2024. Na ulipoweka kidevu kwenye mashine, jibu lilikuwa tayari limepatikana: kwenye ule mwanga mwembamba daktari huona chembe nyeupe zikielea, kama vumbi kwenye jua linalopenya tundu la bati. Damu inatafuta kilichouleta mchochota huo.

Swali: Kwa mfano nini?

Mimi ningeanza na kaswende, hata kwa bibi wa miaka 70, na asione vibaya. Huiga karibu kila aina ya uveitisi, na inatibika kwa penisilini. Hupimwa kwenye damu kwa kipimo cha VDRL au RPR pamoja na kingine kiitwacho TPHA, kwa sababu VDRL peke yake inaweza kuikosa kaswende ya zamani. VVU hupimwa papo hapo.

Kwa kifua kikuu kuna kipimo cha damu kiitwacho IGRA. Ikiwa chanya, maana yake mwili umewahi kukutana na vimelea. Haisemi kama vimo jichoni. Ndiyo maana utatumwa pia picha ya kifua.

ACE, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, hupanda kwa baadhi ya wenye sakoidosisi, ugonjwa wa mchochota unaoshika hasa mapafu na unaoweza kufika jichoni. Ila ukimeza kaptoprili au enalaprili kwa ajili ya presha, hushuka na kudanganya, kwa hiyo zitaje dawa zako.

Swali: Nimesoma kuhusu HLA-B27. Nayo niilipie?

Hiyo ni alama ya kurithi, inayoendana pia na ugonjwa wa kukakamaa mgongo. Kwa Wazungu wenye uveitisi ya mbele inayoanza ghafla, karibu nusu wanayo. Kwetu kusini mwa Sahara ni adimu. Kama mgongo wako haukakamai asubuhi, hela hiyo ningeiweka kwanza kwenye kaswende na picha ya kifua.

Swali: ESR yangu iko juu.

ESR huonyesha tu kwamba kuna mchochota mahali fulani mwilini; hata jino bovu huweza kuipandisha.

Swali: Na majibu yote yakitoka safi?

Hutokea kwa wengi, na matibabu hayasimami. Utaendelea na matone ya steroidi ya kutuliza mchochota, ambayo usijinunulie dukani maana hupandisha presha ya jicho, na ya kutanua mboni. Hayo ya pili yatakufanya ushindwe kusoma meseji kwenye simu kwa siku kadhaa. Lakini ukiona hata vya mbali vinazidi kufifia, rudi siku hiyohiyo.